Gobore Letu na Mchanga wa Ziwa

Kijana aliyenunua nyumba ya bibi yangu pale Kalemie ametundika kofia yake ya pikipiki kwenye kigingi cha bunduki. Niliiona nilipokwenda kuchukua masufuria ya mwisho, nikasimama mlangoni na hasira ambazo yeye hakustahili hata chembe. Alinipokea vizuri, akanipa kiti, akaniita Mama. Kisha akauliza, "Mama, hivi vijiti viwili nyuma ya mulango ni vya nini? Nimejaribu kuving'oa, vinakataa." Nikamwambia aviache. Nikakaa kwenye kiti chake cha plastiki, na mambo yote yakanirudia na uchungu wake, maana habari ya ile bunduki haijapata kunipoa moyoni. Nikusimulie wewe, rafiki wa siku nyingi. Watoto wangu wamekwisha kuchoka nayo.

Nyumba ilikuwa mlimani kidogo, juu ya stesheni, na ukisimama uani uliliona ziwa lote mpaka pale macho yanapochoka. Ilikuwa miaka ya Zaire, ile ya mwanzomwanzo, watu walipovua tai na majina ya ubatizo siku moja, wakaambiwa warudie mambo ya mababu. Jumamosi tulikwenda salongo, kazi ya lazima ya serikali, tukafyeka majani kando ya barabara huku tukiimba. Siku nyingine kazi yetu watoto ilikuwa maji, kuni, na kugeuza ndakala, dagaa wa ziwani, waliokuwa wakikauka mchangani kabla kunguru hawajawageuza wao. Alfajiri treni ilipiga honi, boti bandarini ikajibu, na bibi akaanza kutwanga sombe, majani ya muhogo. Tulimwita kambo, kama watoto wote wa kule wanavyomwita bibi. Hadi leo nikisikia mchi unagonga kinu, tumbo langu linadai bukari, ugali wetu wa muhogo, na mchuzi mwekundu wa mawese.

Nyuma ya mlango wa chumba chake, juu ya vigingi viwili vya mti mgumu, lililala gobore. Si zile bunduki ambazo mafundi wa vijijini huziunda kwa bomba la gari. Hili lilikuwa la kijeshi kabisa, la zamani za kale, la kujazwa kwa mdomo: unamimina baruti, unatia risasi, unasokotea kitambaa juu, unashindilia kwa fimbo ya chuma inayokaa chini ya mtutu, kisha unaweka fataki nyuma na kumwomba Mungu. Babu wa babu yangu alilipata katika vita vya ziwani, watu wa misafara walipopigana na Wazungu. Wengine katika ukoo walisema alipewa kwa uaminifu wake, wengine walisema alitoroka nalo. Kambo alisema yote mawili ni kweli.

Lilikuwa la kahawia, kahawia ya kahawa iliyokaangwa sana. Ubavuni, karibu na nyundo yake, palikuwa na taji dogo na tarakimu zilizokwisha kufifia, na sisi watoto tulipenda kulipapasa lile taji kwa kidole. Kila siku ya kupika sombe kambo alipita pale na kufuta mkono wake wenye mawese kwenye chuma. "Chuma nacho kinakula," alisema. Hakuna aliyembishia, na tazama sasa, tungemzuia mapema tungejiokoa na mengi.

Sasa, yaya yangu, kaka yetu mkubwa, alikuwa anafanya kazi ya kupakua mizigo bandarini, na huko alimpata msichana aliyeuza ndakala na mama yake. Mimi nilimwita mulamu, yaani wifi, kabla hata posa haijatajwa. Sikuwa na dada. Yeye alinisuka nywele kwa uzi mweusi, mikono inanuka samaki, ananivuta mpaka macho yananitoka, na nikilia ananipiga kofi dogo la begani na kusema, "Tulia, mutoto wa kilio, uzuri unauma." Alicheka kwa sauti hadi majirani wakachungulia. Nilitaka aje akae kwetu, alale chumba cha pili, nimwone kila asubuhi. Nilitaka jambo hilo kuliko yaya mwenyewe, nadhani.

Kwao, kama kwetu, mwenye neno katika ndoa ya msichana ni mjomba wake. Mjomba huyu aliishi Moba, safari ya boti kwenda kusini. Na desturi ya ziwani ni kwamba msichana haondoki mpaka bunduki iende kwa wajomba. Wakati ule wengi walikuwa wameshaanza kutoa kitu kingine badala yake, mbuzi au vikwembe, vitenge vya kujifunga, na mambo yakaisha kwa amani. Lakini mjomba huyu alikuwa mtu wa kamati ya chama, mtu wa kuvaa abakosi, lile koti lililokuja badala ya tai, hata kwenye boti, na maneno ya kurudia mambo ya mababu yalikuwa yamemwingia kichwani yakafunga mlango nyuma yao. Akatuma neno: anataka bunduki yenyewe, ya mababu kweli, na iwe inalia. Tulishangilia. Nani Kalemie nzima alikuwa na bunduki ya mababu kama sisi?

Hapo ndipo aliposimama baba mdogo. Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema aliyeharibu vitu kwa juhudi. Kwetu vitu vya posa havipelekwi vichafu. Majembe husuguliwa mpaka yaonyeshe uso wako, sufuria vilevile, hata mbuzi anaogeshwa. Ni heshima, mkwe akipokea chombo chenye masizi atasema mmemchukulia binti yake kama masizi. Basi baba mdogo akalitazama gobore, na ile kahawia, na ule utando wa mawese, akasema, "Hii uchafu yote tutaipeleka kwa bakwe? Kizuri chajiuza."

Tukalishusha. Akina mama wa mtaa walikuja kusaidia kama wanavyokuja kwa posa yoyote, wakaimba, na gobore likabebwa mpaka ufukweni likiwa begani mwa shangazi yangu. Tukalisugua kwa mchanga wa ziwa na jivu. Tukalikamulia ndimu. Mchanga ule mlaini uliotakatisha masufuria yetu maisha yote ulifanya kazi yake bila kuuliza. Jioni baba mdogo akatoka kazini na kipande cha msasa, akamalizia mwenyewe, ulimi nje kama mtoto anayeandika. Kesho yake tukarudia, na kesho kutwa. Lilipokauka juani liling'aa hadi ukafumba macho. Kambo alikuja na fimbo yake, akapitisha kidole ubavuni, pale pa taji. Akapitisha tena. Akageuka, akarudi kwenye sombe lake. Mimi nilikuwa pale, nikapapasa na mimi. Palikuwa laini kama kijiko.

Mjomba akafika na boti, na nyuma yake akashuka mwindaji mzee wa kwao aliyeletwa kuipima bunduki. Jitu refu, polepole, lenye kujiona. Alikunywa munkoyo wetu wa mahindi vikombe viwili kabla ya kusema alichokuja kufanya. Tukatandika mkeka uani. Yaya alivaa shati lake jeupe. Mulamu, kwa desturi, hakuruhusiwa kuwepo, lakini nilijua yuko jikoni kwa jirani, sikio ukutani. Gobore likaletwa juu ya kikwembe kipya, jua likalipiga, na akina mama wakapiga vigelegele.

Mwindaji hakuligusa. Alilitazama tu, akamtazama mjomba.

"Hii haiko ya mababu," akasema. "Hii njo kazi ya fundi wa juzi."

Baba mdogo akaruka. "Ya juzi namna gani? Hii imekuja na babu wa babu yetu!"

"Ya mababu ina alama ya Wazungu hapa," mwindaji akaweka kidole mahali palepale, "taji ao herufi. Ya kwenu haina. Na chuma cha zamani hakiwake kama sahani ya duka."

"Tumeisafisha!"

"Mumeisafisha," mwindaji akarudia, kwa upole wa kuudhi, "mpaka alama ikatoka? Muntu anasafisha mutoto mpaka pua inatoka?"

Watu wakacheka. Wetu wenyewe wakacheka! Mimi nilitamani kumng'ata. Yaya aliinamisha kichwa, na baba mdogo akaanza kuita mashahidi, majirani mmoja mmoja, wote wakaapa kwamba taji waliliona kwa macho yao. Mjomba akawa anatikisa kichwa ndani ya kola yake ya abakosi. Majirani wa bwana harusi wana ushahidi gani? Wataapa hata kwamba bwana harusi anajua kupika.

Mwindaji, kwa kuwa alikuwa amekwisha kunywa munkoyo wetu, akaona vibaya kuondoka bila kufanya kazi. Akalichukua. Akalipiga mtutu kwa ukucha, akasikiliza. Akaweka mdomo wake kwenye mdomo wa bunduki, akapuliza, huku ameweka kidole nyuma, kwenye kitundu cha fataki, aone kama pumzi inatoka. Haikutoka. Mawese ya miaka yote ya kambo yalikuwa yameganda mle. Ndipo akachomoa fimbo ya kushindilia, akaitumbukiza mpaka ikagota, akashika kwa kidole gumba pale ilipoishia mdomoni. Akaitoa na kuilaza juu ya mtutu kwa nje, kidole chake kikiwa palepale. Ncha ya fimbo haikufika nyuma. Ilikoma kabla, upana wa kiganja.

Akaliweka chini taratibu sana, mdomo ukielekea ziwani.

"Kuna kitu ndani," akasema. "Bunduki yenu imejazwa."

Uani pakabaki yeye, mimi niliyekuwa nimeduwaa, na kambo. Wengine walikuwa barabarani. Mjomba aliruka ua wa matete na abakosi yake, na hilo peke yake ndilo jambo la siku ile ninalolikumbuka kwa raha. Hebu fikiri: tulikuwa tumelisugua kwa siku tatu, tumelipiga chini kutoa mchanga, shangazi amelibeba begani akicheza ngoma, baba mdogo amechungulia ndani kwa jicho moja. Na kabla ya hapo, miaka yote ile, lilikuwa limelala juu ya vichwa vyetu likiwa na baruti tumboni.

"Mume wangu aliikuta hivyo," kambo akasema, kana kwamba anaeleza chumvi ya mchuzi. "Alisema baba yake aliijaza, na yeye hakuona sababu ya kuitoa."

Mwindaji akaomba maji ya moto. Alimimina maji mdomoni mwa gobore, akangoja, akamimina tena, uji mweusi ukatiririka na uani pakanuka mayai yaliyooza. Kisha akafunga waya uliopindwa kama ndoano kwenye ncha ya fimbo, akazungusha, akavuta. Kikatoka kidonge cha nyuzi kilichoshikana. Akakifungua juu ya goti. Haikuwa pamba wala kitambaa cha duka. Ilikuwa nguo ya majani ya mtende, ile iliyofumwa kwa mkono ambayo hata kambo aliiona kwa bibi yake tu. Baada yake ikatoka risasi, donge la mviringo, limepauka.

Watu walikuwa wamerudi mmoja mmoja. Mwindaji akainua kile kitambaa, na sauti yake ikabadilika. "Mujomba, nimekosea. Hii bunduki ni ya mababu kweli. Watu walioijaza hawakujua kitambaa cha duka."

Sitasahau vigelegele vile. Kile ambacho mchanga wetu haukukifikia ndicho kilichotushuhudia. Nilikimbia mpaka jikoni kwa jirani, nikamrukia mulamu shingoni, nikamwambia imekubaliwa, imekubaliwa, na yeye akanishika uso kwa mikono yake ya samaki, akashindwa kucheka. Laiti ningebaki kule kule. Laiti mwindaji angenyamaza.

Lakini alikuwa bado anapima. Niliporudi uani, yeye alikuwa ameingiza kidole na kukitoa chekundu kwa kutu. Akapitisha ukucha kwenye chuma, karibu na nyuma, akaonyesha ufa mwembamba ambao msasa wa baba mdogo ulikuwa umeufunua. "Ya mababu, ndiyo," akasema. "Lakini imekufa. Baruti imeikula kutoka ndani. Anayeilipua atabaki bila mikono."

Na mjomba, akivuta vizuri abakosi yake iliyochanika kwenye matete, akasema neno ambalo nikilikumbuka bado linanipandisha damu: "Tuliomba ya mababu, na iwe inalia. Hii hailie."

Unaona shida yetu? Asubuhi bunduki ilikuwa mpya mno. Alasiri ikawa nzee mno. Palikuwa na saa moja katikati ambapo ilikuwa sawasawa, na saa hiyo sisi tuliitumia kupiga vigelegele.

Yaya akasimama. Alikuwa hajasema lolote siku nzima, maana bwana harusi hasemi. "Nipeni baruti," akasema. "Nitaipiga mimi mwenyewe, sasa hivi." Akaishika. Mlango wa jirani ukafunguka kwa kishindo, mulamu akatoka mbio, desturi nyuma yake, akasimama mbele ya mjomba wake.

"Mujomba, unataka niolewe na muntu bila mikono? Nani atanilimia?"

"Rudi ndani, mutoto."

"Mikono yake njo ninaitaka, si bunduki."

Mjomba hakuzoea kujibiwa hadharani, na nafikiri hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa, si kwenye ufa. Mtu wa kamati hawezi kurudi nyuma mbele ya watu. Akatangaza kwamba bunduki itakwenda Moba, ikapimwe vizuri na wazee wote wa ukoo, na jibu litakuja. Baba mdogo, ambaye kwa wakati ule angekubali hata wamchukue yeye, akakubali. Wakalifunga gobore kwenye kikwembe chetu kipya, wakashuka nalo bandarini. Wakamchukua na mulamu pia, "mpaka jibu litoke." Alinipungia mkono akiwa kwenye boti. Upande mmoja wa kichwa changu alikuwa ameusuka, upande mwingine bado.

Kambo alitupa kanuni. Alisema bunduki ya posa haikai bila mtu: msichana akija, bunduki inabaki kwa wajomba, asipokuja, bunduki inarudi mahali pake. Moja lazima lije. Baba mdogo akataka kung'oa vigingi ili asiviangalie, kambo akamzuia kwa fimbo. "Ikirudi italala wapi?"

Tukangoja. Kila boti ya kusini ilipopiga honi niliteremka mbio mpaka bandarini, na kila mara yalishuka magunia ya maharage, mbuzi, na watu wa wengine. Jibu tulilopata ni kwamba wazee hawajakutana. Kisha kwamba wamekutana, hawajaelewana. Nikamwomba yaya aende Moba akalichukue gobore, au akamchukue msichana, au vyote, lakini aende! Alikataa kwa ile jeuri ya kimya aliyokuwa nayo. "Wao njo walibeba, wao njo watarudisha. Kwetu muntu hakimbilii kitu chake kama mwizi." Hata kambo alikubaliana naye; kwetu ndivyo ilivyo, mwenye kuchukua ndiye anayerudisha. Kisha yaya akapanda treni, akaenda kutafuta kazi kwenye machimbo ya Manono. Msimu mmoja wa mvua baadaye tukasikia mulamu ameozwa kwa mfugaji wa Pepa, huko juu kwenye ng'ombe na baridi, mbali na ndakala wake. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Nilipiga kinu teke nikaumia kidole, na kambo hakunigombeza.

Kambo hakufa akiwa amesahau. Mwaka wake wa mwisho, macho yakiwa yamekwisha, bado alipapasa vigingi vile kila asubuhi akipita, kisha akafuta mkono wake wenye mawese kwenye ukuta mtupu. Doa lile lilikuwepo mpaka nyumba ilipouzwa. Majuto ni mjukuu, wanasema. Mimi ndiye mjukuu mwenyewe.

Miaka ikapita mingi, Zaire yenyewe ikaondoka na jina lake. Yaya akafariki Manono, na ukoo ukanituma kupeleka habari kwa jamaa zetu wa kusini. Nikamkuta mulamu Moba, mjane, mnene, nywele nyeupe. Kicheko hakikuwepo. Nilipomwambia kuhusu yaya alikaa muda mrefu akichambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa. Kisha nikainua macho, na gobore lilikuwa ukutani.

Lilikuwa la kahawia. Kahawia ileile ya kahawa iliyokaangwa sana, na juu yake utando mwekundu wa mawese. Kutu ilikuwa imerudi yenyewe, bila kuombwa, bila baba mdogo. Kumbe kahawia ile haikuhitaji kitu ila kuachwa. Nikasogea, nikapapasa ubavuni. Taji halikuwa limerudi.

"Nilimuomba mujomba mbele hajafa," akasema. "Nilimwambia hii ni yangu, ilitoka sababu yangu. Ninaipaka vile kambo yako alikuwa anapaka."

Hapo uvumilivu ulinishinda. Nilimuuliza kwa ukali, mbele ya msiba na yote, kwa nini hawakuirudisha. Tulingoja boti baada ya boti! Yaya aliondoka kwa sababu hawakuirudisha!

Alinitazama kama aliyeulizwa kwa nini maji yanashuka.

"Kurudisha? Huku kwetu mwenye kitu njo anakifuata. Nilimungoja yaya yako aifuate. Mujomba alikuwa ameshachoka, angetoa vyote viwili. Nilikataa huyo wa Pepa mara ngapi! Kila boti ya Kalemie nilishuka bandarini kuangalia."

Ufuko ule tuliposugulia umemezwa. Ziwa limepanda, limeula mchanga pamoja na mahali pa kuanikia ndakala. Mwindaji, mjomba, baba mdogo, kambo, yaya, wote wamelala, na nikitaka kumgombeza mtu simpati hata mmoja. Mulamu alinisindikiza mpaka kwenye boti, akanishika nywele akaona zimekatwa, akaguna. Kisha akauliza kitu kimoja tu.

"Vigingi viko bado?"

"Viko," nikasema.

Ndiyo maana nilimwambia yule kijana aviache. Aliniuliza tena, kwa heshima, kama kuna kitu kitakuja kutundikwa pale, ili aondoe kofia yake. Nikachukua masufuria yangu, nikamwambia hapana, chenye kutundikwa pale kina ukuta wake Moba, kofia ikae.